Vijia Vinne Mgongoni mwa Masereka

Kwa Ndugu Twinomujuni,
Mwenyekiti, Kamati ya Maonyesho ya Sungura,
Kasese.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA MATOKEO YABATILISHWE KABLA SUNGURA HAJAINGIA SUFURIANI

Nakusalimu kwa heshima, wewe na kamati yako, pamoja na yule mama aliyetupikia chai ya tangawizi siku ya maonyesho. Huku Bwera tu wazima isipokuwa mioyo yetu. Au tuseme moyo wangu, maana wengine hapa nyumbani wanakula na kulala kama kawaida.

Utanikumbuka. Mimi ni Kosiya Baluku, yule mzee mnene wa koti la kahawia aliyepiga makofi ya mlio wa ajabu kwenye wimbo wa kufungua. Haukuwa utovu wa adabu. Kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto ni nusu. Nusu nyingine ilibaki Kyondo ndani ya mashine ya kumenya kahawa, na tangu mwaka ule makofi yangu yana pengo. Unisamehe pia kwa mistari ya barua hii kupanda mlima. Mkono wa kulia unaandika, wa kushoto una kazi nyingine, kwa hiyo karatasi haina wa kuishika.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nilileta sungura mmoja, dume, aina ya Rex, rangi ya kahawa iliyokaangwa na mtu asiye na haraka. Anaitwa Masereka, kwa sababu siku ya kuwahesabu watoto wa mama yake alikuwa dume wa tatu kutolewa kiotani, na kwetu Wakonzo dume wa tatu jina lake halina mjadala. Najua kwamba jirani yangu naye ni Masereka, na kwamba hapendi ninaposimama uani jioni na kuita, "Masereka, njoo ule majani." Hilo tutalimaliza mimi na yeye.

Manyoya ya Rex, kama ujuavyo, si manyoya ya sungura hivi hivi. Ni mafupi, yamesimama wima kwa kimo kimoja kama mahameli, na hata sharubu zimejikunja kama za babu aliyeinamia moto akitafuta kiazi. Ukiyapuliza yanafunguka kama ua, kisha yanajifunga yenyewe. Lakini yakipapaswa kila siku mahali pamoja, yanachoka na kulala. Jambo hili nalijua kuliko mtu yeyote Bwera. Nimelifundisha kwa watu ambao hawakuniuliza. Juu ya kizimba chake nimebandika karatasi yenye herufi kubwa: USIGUSE.

Na nimemlea. Sakafu yake ni ya ubao, maana nyayo za Rex zina manyoya haba na waya ungezichubua. Anakula nyasi kavu na majani ya viazi vitamu yaliyoachwa yanyauke kwanza. Kabichi ni marufuku. Siku ya safari, nikijua joto la Kasese, nilimwekea chupa ya maji yaliyogandishwa ili aiegemee, na mimi mwenyewe nikafika bila hata tone la kunywa. Daktari aliniambia nitembee kila asubuhi kwa ajili ya presha, nikapuuza miaka minne. Sasa natembea, natafuta majani. Ukitazama vizuri utaona ni sungura anayenifuga mimi.

Pamoja na hayo yote tulipewa nafasi ya mwisho. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mwamuzi. Madamu Apio, mke wa fundi wa saruji, anajua sungura tangu kwao Tororo, na sina ugomvi naye. Alimweka Masereka mezani, akampuliza, akatazama meno, kucha na masikio, akatabasamu. Nikaanza kuwaza mahali pa kuweka kikombe cha ushindi. Nikachagua juu ya redio. Kisha akamgeuza mgongo kwenye mwanga, akachukua rula. Akasema mbele ya watu wote: "Mzee, hii sungura iko muzuri sana. Lakini kuna mutu anaipapasa kila siku." Kwenye fomu, ambayo ninayo hapa, aliandika: "Vijia vinne mgongoni, vitatu virefu, kimoja kifupi." Nikamweleza kwamba nyumbani kwangu hakuna mtu wa namna hiyo. Hakubisha. Aliomba tu tuagane kwa mkono. Nikampa wa kulia, akaomba na wa kushoto. Nilishangaa kidogo, maana kwetu mkono wa kushoto hausalimii mtu, lakini nikajua watu wa mashariki wana adabu zao. Aliutazama kwa muda, akasema basi, mwingine aje.

2. Kuhusu mshindi. Sungura wa Bwana Tukamushaba wa Muhokya kweli hana doa. Lakini kuna mtu wa kamati aliyemtazama machoni? Tukamushaba humshika sungura wake kama mtu aliyepokea barua ya kuitwa mahakamani. Humgusa mara moja tu, siku ya kukata kucha, na huvaa glavu. Nilimuuliza sungura anaitwa nani, akanijibu, "Namba Saba." Nauliza kwa unyenyekevu: kamati yako inatoa kikombe kwa sungura au kwa kitambaa?

3. Kuhusu hatari iliyopo. Mke wangu Erina nimekaa naye miaka ishirini na sita. Ni Mkristo mwenye subira, ila subira yake huwa na tarehe. Wakwe watarajiwa wa binti yetu Ronah wanakuja kujitambulisha rasmi Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na kizimba cha Masereka kipo sebuleni, ambako ni baridi na mbwa hawaingii. Kabla ya maonyesho Erina aliniambia, wala hakupandisha sauti, kwamba Masereka akirudi na kikombe atatambulishwa kwa wageni kama mtu wa familia. Akirudi bila kikombe, atatambulishwa kwa wageni pamoja na obundu, yaani ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa karanga. Akaongeza kwamba tangu mnyama huyu aingie nyumbani, amesikia jina la Masereka kinywani mwangu mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Hilo la mwisho nililiona ni la pembeni, nikaendelea kuchambua majani. Jana karanga zilinunuliwa. Ni nyingi.

4. Kuhusu uchunguzi nilioufanya kwa nguvu zangu mwenyewe. Niliamua kumtafuta mhalifu. Nilimshuku kwanza Nobert, kijana wa bodaboda aliyetuleta Kasese, lakini mikono yake ilikuwa kwenye usukani safari nzima, jambo ambalo kwa Nobert si la kawaida, nami nililikumbuka kwa sababu hiyo. Nikawashuku kina mama wa kwaya, ambao hufanyia mazoezi kwangu siku za Alhamisi. Mwisho nikamwendea Jonan, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyewahi kuwa askari. Jumapili baada ya ibada Jonan alisimama mlangoni pa kanisa na kusema kwa ile sauti aliyotoka nayo jeshini: "Hakuna kutoka. Mikono mbele."

Mimi nilikuwa nimevichora vile vijia juu ya kipande cha boksi, kwa vipimo vya fomu yenu. Nikampima mtu mmoja mmoja, watu themanini na wawili, pamoja na mchungaji na mtoto mchanga aliyebatizwa siku ile. Hakuna aliyelingana. Wote vidole vyao vilikuwa kamili. Aliyebaki bila kupimwa ni mtu mmoja tu, na ni kwa sababu za kikazi, maana ndiye aliyeshika boksi. Kina mama wa kwaya walicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Majina yao ninayo. Jirani yangu Masereka, yule wa miguu miwili, alisema yeye anamfahamu mtu mwenye mkono wa namna hiyo, anamfahamu sana, lakini hatamtaja mpaka aombwe radhi kuhusu mambo ya majani. Nikaona ni vitisho, nikampita.

5. Kwa kuwa sasa Bwera nzima imeonekana safi, umebaki upande wa pili wa mpaka. Siku ya soko pale mpakani Mpondwe watu huvuka kwa maelfu kutoka nchi jirani, na miongoni mwao hakosekani mmoja mwenye tamaa ya mahameli. Kwa jinsi vijia vilivyolala, mkono ni wa kushoto. Naomba kamati yako iwaandikie wakuu wa mpaka ili kila anayevuka aonyeshe kitambulisho na, pamoja nacho, mkono wa kushoto uliofunguliwa vizuri. Najua foleni itakuwa ndefu. Wanaouza samaki wapitishwe kwanza, nisije nikaitwa mtu mbaya.

6. Mpaka mhalifu apatikane, naomba matokeo yabatilishwe, au yaahirishwe, au mtutumie cheti chochote mlicho nacho ofisini. Hata cha chanjo ya kuku. Kinachotakiwa ni mhuri. Erina huheshimu sana mhuri.

Huenda kuna mtu kwenye kamati atakayenong'ona kwamba mwenye sungura ndiye wa kuulizwa kwanza. Mwambie ninamsamehe. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa. Mwanaume wa umri wangu hupapasa simu yake akitafuta mtandao, na tumbo lake akishashiba, basi. Sungura hapapasi. Jioni mimi hukaa tu na Masereka mapajani, tukisikiliza taarifa ya habari, kwa sababu kizimbani redio haimfikii vizuri.

Naliweka jambo hili mikononi mwako, Ndugu Mwenyekiti, nikikukumbusha kwamba Jumamosi haiji kwa mguu, inaruka. Wasalimie wanakamati wote, na mama wa chai ya tangawizi. Msalimie Madamu Apio na fundi wake. Msalimie hata Tukamushaba, na umwambie amkune Namba Saba nyuma ya masikio kidogo; huko hampimi.

Ni mimi niliyeonewa,

Kosiya Baluku,
Bwera.

Kabla sijafunga bahasha:

Nilimpa Erina barua hii aisome, maana yeye huona makosa yangu haraka. Aliisoma kimya mpaka mwisho, kisha akarudi juu kabisa na kuniuliza ule mkono wa kushoto ulikuwa na kazi gani muda wote niliokuwa nikiandika.

Nikatazama chini. Masereka alikuwa mapajani, macho nusu yamefumba, na mkono ulikuwa mgongoni mwake ukienda na kurudi. Sikuwa nimeutuma.

"Kosiya," Erina akasema, "leta lile boksi."

Nikalileta. Akauchukua mkono wangu na kuulaza juu ya mchoro. Ndugu Mwenyekiti, hata glavu ya Tukamushaba haimkai hivyo.

Nilikaa nikingoja aende jikoni kuleta sufuria. Badala yake alimchukua Masereka na kumpakata, ili tu aone, alisema, mtu mzima anapotezaje akili kwa ajili ya manyoya. Hiyo ilikuwa saa tisa. Sasa inakaribia saa kumi na mbili na chai sijaiona. Amenijulisha kwamba zile karanga ni za mchuzi wa kuku. Amesema pia, bila kuninyanyulia macho, kwamba mkono unaojua kutembea hivyo ungeweza siku moja moja kukumbuka kwamba hata mke ana mabega, na mabega yake yamebeba maji miaka ishirini na sita. Nimeliandika hapa ili lisinipotee.

Kwa hiyo futa kifungu cha kwanza mpaka cha sita, na uache watu wavuke mpaka kwa amani. Mimi nina watu themanini na wawili wa kuwaomba radhi, na nitaanza na jirani.

Tafadhali mwambie Madamu Apio kwamba yule mutu tumempata. Sasa wamekuwa wawili.