Besi Mia Mbili Dhidi ya Bwawa la Verlon

Jumatatu, 6 Mei
Nimelikosa kombe la kanisa la kuvua samaki aina ya besi, kila mtu bwawani kwake, juzi Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Mara ya tatu! Besi wa jirani yangu Verlon Tidwell: ratli nane na nusu. Wangu: mbili na robo. Bwawa langu nimelichimba mwenyewe. Lake karithi. Maji yake kijani kama supu ya mboga. Kwangu unahesabu kokoto chini. Halafu anashinda yeye! Akaniuliza mbele ya mchungaji kama yule wangu ni samaki au chambo.

Jumamosi, 11 Mei
Nimemwaga besi mia mbili, kila mmoja ratli mbili. Kombe la Oktoba ni langu. Mke wangu Orlene akauliza watakula nini. Perege. Na perege? Wadudu. Na wadudu je? Nikamwambia nafuga besi, sifugi wadudu.

Jumanne, 21 Mei
Utando wa kijani umeanza pembeni. Nimeuua wote kwa dawa. Maji kioo! Verlon yeye anamwaga mbolea bwawani. Mbolea! Nilicheka hadi nikakohoa.

Alhamisi, 20 Juni
Balaa. Besi vichwa vikubwa, miili misumari. Perege hata mmoja hayupo. Orlene akasema nikamwulize Verlon. Afadhali nife.
Nimekwenda. Alikuwa barazani anamenya karanga za kuchemsha. Akasema kijani hulisha wadudu, wadudu perege, perege besi, na kila ngazi sehemu tisa kati ya kumi hupotea. Ratli moja ya besi hutaka kumi za perege, mia za wadudu, elfu za kijani. Sasa wewe, kaka, umejaza walaji ukaua chakula! Kisha akanipa karanga za kwenda nazo. Ananihurumia! Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 21 Juni
Nimepiga hesabu. Besi ratli mia nne, kijani ratli laki nne. Malori ishirini ya tani kumi! Nimerudia mara tatu, ni sahihi. Kwa hiyo nichafue maji yangu yafanane na yake? Ndicho anachokitaka. Besi wangu hawana njaa, ni wavivu tu. Hawana wa kuwakimbiza. Verlon ngazi yake ya juu ni besi. Mimi nitamzidi ngazi moja.
Nimemwandikia mwenye shamba la mamba kule mjini Mobile: unaye wa futi sita, mwenye hamu ya kula? Sitaki maelezo. Ndiyo au hapana, kabla ya Jumatano saa sita mchana.