Pingamizi dhidi ya Kuuzwa kwa Namba A

Igoma, Mwanza
Alhamisi

Kwa Mwenyekiti wa Kikao cha Ukoo,
Baba Mdogo Masele,

Shikamoo. Natumaini goti linaendelea vizuri.

Jumapili iliyopita, mbele ya kikao, kaka Ngosha alisoma tathmini ya kigari cha petroli alichoniachia marehemu Baba. Alikishindanisha na magari mawili mapya zaidi: lake la usajili wa namba E, na la Shangazi Bernadeta la namba D. Gari langu, ambalo ni la usajili wa zamani, namba A, lilipata alama kumi na moja kati ya mia. Tano kati ya hizo zilitolewa kwa sababu tairi zote nne zipo. Mkaamua kwamba Jumamosi atakuja mtu kulinunua, alikate kwa ajili ya spea, na mimi nitafutiwe jipya. Sikusema neno. Unajua mimi kwenye vikao huwa sisemi. Sasa naandika.

1. Kipimo kilichotumika si halali. Ngosha amepima ulaji wa mafuta, kiyoyozi na ukubwa wa buti. Sisi Wasukuma tuna namna yetu ya kupima washindani wa ngoma, na wewe ulicheza ujana wako wote upande wa Bagika. Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, siku moja, saa moja, na waliozungukwa na watu wengi zaidi ndio washindi. Hakuna anayeuliza mpiga ngoma amekula kiasi gani. Nimerudia tathmini kwa kipimo hicho. Jumatatu jioni gari la Ngosha lilisimama nusu saa mbele ya soko la Igoma. Lilipata watu wawili, mmoja wao mgambo aliyetaka liondolewe. Jumanne Namba A lilizimika njiapanda ya Usagara kwa muda uleule. Watu kumi na tisa. Mbuzi sikuwahesabu.

2. Kuwaka. Ngosha ameandika kwamba gari "halijitegemei". Ni kweli. Stata imekufa na kila asubuhi lazima lisukumwe. Lakini nimepanga hapa Igoma miaka minne, na mwaka wa kwanza, stata ikiwa nzima, sikumjua mtu hata mmoja. Leo Suhaib wa kuziba pancha hushika upande wa kulia, na Mama Fadhila huziacha sambusa zake kwenye mafuta aje kushika wa kushoto. Juzi alinipigia kelele akiwa nyuma ya gari: "Mwalimu, tafuta mume bwana, sisi mikono imechoka!" Anayewasha gari kwa kitufe hana wa kumtania.

3. Dirisha la kushoto halipandi. Limekatwa alama kumi. Kupitia dirisha hilo nimepewa mahindi ya kuchoma, kadi mbili za harusi, ushauri kuhusu nywele zangu, na mtoto wa kumshika mara moja mama yake akifunga kanga. Vioo vya Ngosha ni vyeusi. Anayemsalimia hujisalimia mwenyewe.

4. Kuchemsha. Gari huchemsha likifika Usagara, kila siku ninapokwenda kufundisha Misungwi. Jirani na njiapanda anakaa mama mmoja mjane, Teodora. Hutoa maji kwa ajili ya rejeta, na injini ikiwa inapoa hunipa chai. Wiki iliyopita lilikawia kuchemka, likanisimamisha mbele kidogo, nikarudi kwa miguu. Alinipokea kwa lawama: "Leo umechelewa kuharibika, Mwalimu. Chai imepoa." Baba Mdogo, tangu Baba afariki, hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kwa nini nimechelewa. Kwenye jedwali la Ngosha sikuona safu ya jambo hilo.

5. Gari la Ngosha lenyewe. Kikao kililisifu kwa sababu halijaharibika hata mara moja kwa miaka mitatu. Mwezi wa nne jirani yake alifiwa. Ngosha alijua kuna msiba alipokuta turubai limefunga njia, na akapiga honi. Simlaumu yeye, naulaumu ubora wa gari. Kwa hiyo naomba ukoo uazimie kwamba betri yake iwe inatolewa mara mbili kwa wiki, mpaka atakapoweza kutaja majina ya majirani hadi nyumba ya tano. Kwa Shangazi Bernadeta, ambaye gari lake huondoka kimya kabla hatujaagana, inatosha tairi moja kupunguzwa upepo kila mwisho wa mwezi. Ratiba nimeshaiandaa na niko tayari kuisimamia.

6. Mkiona yote haya hayawezekani, basi hilo jipya nitakalotafutiwa lije likiwa bovu, na ubovu wake uthibitishwe kwa maandishi na fundi Chenge.

Naomba barua hii isomwe kikaoni na mtu mwenye sauti. Msalimie Mama Mdogo, watoto, na Shangazi. Msalimie pia Ngosha, ambaye namheshimu pamoja na jedwali lake.

Ni mimi mwanao mtiifu, isipokuwa katika suala hili,

Odeta

N.B. Leo ni Ijumaa. Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Chenge alilichukua gari juzi, nikadhani ni ukaguzi wa mnunuzi. Jana usiku, baada ya mimi kuandika, alilirudisha na stata mpya, rejeta mpya, na dirisha linalopanda. Amesema wewe ndiye uliyemtuma: uliona nilivyonyamaza Jumapili, ukaamua nibaki nalo. Asante sana, Baba Mdogo. Asubuhi liliwaka mara moja. Nilipita Usagara bila kusimama, nikafika shuleni kabla ya mlinzi.

Wakati wa kurudi nilisimama kwa Teodora, nikafungua boneti, nikangoja. Alitoka na dumu lake. Akainama, akatazama, hakuona mvuke.

"Mwalimu, mbona hili zima?" alisema. "Sasa si ungepiga hodi tu?"

Hoja hiyo sikuwa nimeifikiria. Naondoa pingamizi langu, namba moja hadi sita. Gari liuzwe kesho kama mlivyopanga. Mimi sitakuwepo, nitakuwa Usagara.