Ombi la Anaeli Kuhamishiwa Somo la Uzungu

Mlimani Meru, njia ya kwenda Nkoaranga
Jumamosi, Juni 1911

Kwa Bwana Mwalimu Mkuu wa Shule ya Misheni

Shikamoo, Bwana Mwalimu. Najua mimi ndiye ninayestahili kuamkiwa, maana nilianza kuota mvi wewe ukiwa bado unanyonya huko Ulaya. Lakini siku hizi shikamoo inafuata viatu.

Barua hii naisema mimi, Sumari, na anaiandika mwanangu Anaeli, mwanafunzi wako wa mwaka wa nne. Nimemwamuru aandike kila neno, hata yale yanayomwudhi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, ulituagiza wazazi tuwachagulie watoto masomo yanayolingana na kazi watakayoifanya ukubwani, ili anayefaa apelekwe shule kubwa ya Tanga. Nimetii. Wiki nzima nimezunguka mlima huu nikichunguza kazi moja moja, nani anaifanya na inampa nini. Nimeona kazi yenye faida ni moja tu, nayo ni Uzungu. Naomba Anaeli aondolewe katika masomo mengine yote asomee hiyo.

Haraka yangu ina sababu. Shamba letu la mtoni, alilolima babu yangu, ndilo linalotulisha. Sasa yule mzungu mgeni aliyejenga huko chini, upande wa Usa, amekwisha kupita mara tatu akilitazama kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Nilikwenda Boma, kwa Serikali ya Wajerumani, kuuliza ardhi hupewa nani, nikajibiwa bila kufichwa kwamba ni Wazungu. Basi na mwanangu awe mmoja wao kabla ya masika, tusije tukalala njaa.

Malalamiko yangu juu ya masomo ya sasa ni haya:

1. Hesabu. Anaeli amefika mia tano na bado mnamsukuma mbele. Za nini zote hizo? Tangu Serikali ije hapa, kitu ilichotugawia bila ubahili ni hamsa ishirini, na viboko hivyo havizidi ishirini na tano. Mimi sijakaa darasani hata siku moja, lakini mpaka hapo nahesabu vizuri kabisa. Nilijifunza mwaka juzi nilipochelewa kazi ya barabara. Nilihesabu kwa sauti, nimelala kifudifudi, wala sikukosea hata kimoja.

2. Ramani. Mwanangu alichora mlima, mto, migomba yetu na nyumba yetu, ukamsifu. Lakini bwana mpimaji alipopita na mnyororo wake, alikula ndizi zetu, akaandika kwenye ramani yake kwamba hapa ni pori, hapana mtu. Mama Anaeli alikuwa amesimama palepale, amemshikia kibuyu cha maji anywe! Nakuuliza kwa heshima, ramani ya nani ndiyo iliyokwenda Boma? Basi Anaeli anapoteza wino bure.

3. Kuandika. Unasema mwenye mwandiko mzuri atapata ukarani. Namjua Lemburis, Mwarusha, karani wa huko Boma, mwandiko wake ni mzuri mpaka unatamani kuulamba. Lakini kutwa yu wima miguu imevimba, na anayekaa kwenye kiti ni yule asiyejua hata kusema habari za asubuhi. Nimeona kwa macho yangu kwamba kusoma humsimamisha mtu na Uzungu humkalisha.

4. Kuimba. Sina ugomvi. Ila katika nyimbo zenu tunaahidiwa nchi ya mbinguni tu, na mimi nataka ya mtoni.

Sasa masomo ninayoyataka. Afundishwe kukaa barazani bila kuona haya wakati wengine wanalima. Afundishwe kunyoosha kidole na kusema hapa pangu, kisha asiulizwe na mtu amepapataje. Afundishwe kubebwa kuvuka mto, tena akiwagombeza wanaombeba. Na afundishwe kukasirika papo hapo, maana Anaeli hukasirika polepole kama mama yake, na hiyo itamwangusha kwenye mtihani.

Katika mengine amekwisha kuanza vizuri. Hulala mchana. Akitumwa kuni husema kichwa kinamwuma. Wiki hii amepita mbele ya shangazi yake Ndeshi bila kumwamkia, akisingizia eti alikuwa anafikiri. Mama yake anasema huyu ni Mzungu nusu, bado kofia.

Kuhusu rangi, naomba tusiifanye jambo kubwa. Wewe mwenyewe ulipofika hapa ulikuwa mweupe kama unga, leo u mwekundu kama udongo wa njiani. Kwa hiyo rangi hubadilika, mtu akijitahidi.

Na usiniambie huna mwalimu wa somo hili. Wewe umelifuzu zamani, kwa upole kuliko wengine, hilo nalikubali mbele ya watu.

Msalimie mkeo, mwalimu Solomoni, mpishi wako, na yule punda wako anayekula maharage yetu, naye keshaanza Uzungu. Nangoja jibu lako nikiwa mzazi mtiifu, mgongo ukiniruhusu,

Sumari, baba yake Anaeli

Nyongeza: Bwana Mwalimu, barua hii usiisome. Na kama umekwisha kuisoma, isahau.

Tulipomaliza nilitafuta kitu cha kuifungia, nikatoa karatasi niliyopewa Jumatano na yule mzungu wa Usa. Aliniambia ni ya kunishukuru kwa ndizi, niweke alama. Nilikuwa nimesikia Anaeli anasifiwa kwa kupata alama nyingi, nami nikaona leo zamu yangu. Nikachovya kidole gumba kwenye wino, nikakikandamiza sana, mara tatu, ili zangu zizidi zake.

Anaeli ameisoma sasa hivi. Ni ya Kiswahili, haina hata shukrani moja. Inasema mimi Sumari nimeliacha shamba la mtoni kwa hiari yangu, kutoka jiwe la juu mpaka kivukoni. Ameirudia mara mbili, analia. Amenionyesha jina langu lilipo. Sikujua kwamba jina langu ni fupi hivyo.

Anayeipeleka karatasi Boma ni mzungu huyo huyo, ya kwake ameondoka nayo, hii niliyoachiwa ni nakala tu. Atafika Jumatatu. Nakuomba, nakuomba sana, mwachie Anaeli kusoma, kuandika, hesabu na ramani, na kama kuna somo jingine mlilowaficha watoto, mwongezee. Kesho sitangoja ibada iishe. Nitakuja naye alfajiri, nitakaa benchi la nyuma na viatu sina. Utufundishe sote wawili namna ya kuandika "sikukubali" kwa Kijerumani, maana Anaeli anasema hamjafika hapo.