Juisi ya Mfalme Yatamba Mtandaoni

Jumatatu, 6 Februari 2023
Lebo zimefika! Sura yangu, taji kichwani, na maandishi ya dhahabu: JUISI YA MFALME. Soko zima la Nakawa limeduwaa. Pesa ziliishia kwenye lebo, kwa hiyo pasheni ni chache, maji mengi. Si neno. Watu hunywa jina. Dada yangu Akech, mwenye friji, kasema wateja wasiporudi kununua tena, Jumapili anaichukua. Wasiporudi! Ng'ambo ya njia, Hajara anauza ukwaju kutoka kwenye ndoo. Hana hata lebo, maskini.

Jumanne, 7 Februari
Wateja tele! Wamesifu taji, wamenunua. Usama wa bodaboda kanywa nusu, kisha akaniuliza kwa adabu, akiniita ssebo, yaani bwana, kama kuna kitu nilisahau kutia. Wivu. Akavuka kwa Hajara kusukutua mdomo.

Jumatano, 8 Februari
Hajarudi hata mmoja. Hajara kanishauri niongeze pasheni, eti chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali ya watu wasio na bando la intaneti. Dawa ni video.

Alhamisi, 9 Februari
Video tayari. Tatizo dogo: kila nikimeza Mfalme, uso unajikunja. Nikanunua ukwaju wa Hajara, nikaumimina kwenye chupa yangu, nikanywa. Nikafumba macho kwa raha, bila kuigiza. Rangi ni kahawia, lakini nani atatazama rangi palipo na taji?

Ijumaa, 10 Februari
Imesambaa! Mjomba kapiga simu kutoka Kisumu! Wote wanauliza ile juisi ya kahawia inauzwa wapi. Usama, hayawani yule, kawajibu: kwa Hajara, mkabala na mwenye taji. Foleni yake imeziba meza yangu. Walionitambua waliomba picha nami, ukwaju mkononi. Nimelia kidogo nyuma ya friji.

Jumapili, 12 Februari
Akech kaja na mkokoteni. Nikamwonyesha idadi ya walioitazama video. Akauliza wangapi wamerudi kununua. Swali la mtu asiyejua biashara! Friji imevuka njia; kampangisha Hajara. Dada wa damu! Imeniuma sana.

Nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Juisi ilikuwa baridi mno. Watu wa hadhi wanataka ya moto. Nimeshaagiza lebo mpya, zenye mvuke juu ya taji. Pasheni nitanunua pesa zikibaki.