Prosesa, Mama Mkwe na Mafuta ya Kukamulia

Jumatatu, 9 Juni
Kompyuta ya Namalwa imekufa. Mke wangu hutengeneza vijitabu vya mazishi, na familia moja ya Hurlingham inangoja cha baba yao Ijumaa. Akichelewa, mzee wa watu atazikwa bila kijitabu, na nani atampa Namalwa kazi tena? Mbaluka, jirani yetu fundi, alikuja akanusa. Akasema motherboard, ile bodi kuu, imeungua lakini prosesa, ubongo wake, ni nzima. Ihamishiwe bodi nyingine tu, atafanya kesho. Nikakataa! Bomba letu alitengeneza yeye. Pasi, yeye. Mke ni wangu. Nitahamisha mimi.

Jumanne, 10 Juni
Nimenunua bodi ya mtumba mjini. Mbaluka alinishauri niulize kama itaingiana na prosesa yetu. Niulize, wajue mimi ni mgeni? Nikachagua inayong'aa. Nyumbani prosesa ikakataa kukaa. Nikaibembeleza kwa kidole gumba. Kra! Pini kadhaa zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Namalwa akauliza sauti ile ni ya nini. Nikasema ni goti langu.

Jumatano, 11 Juni
Mama mkwe amekuja kutoka Bungoma, ameshinda hapa kutwa. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani. Nikajifungia chumbani, nanyoosha pini kwa sindano. Bahati mbaya mama huyu alifundisha kompyuta sekondari. Kutoka sebuleni, kwa sauti ya darasani, akamwambia Namalwa amwambie mtu fulani asibonyeze, prosesa hujikalia yenyewe. Atazame tu matundu yalingane na pini. Nikatazama. Hata hayakaribiani! Bodi si ya prosesa hii. Nikamwambia Namalwa amwambie mama yote yamelingana. Kumdanganya mama mkwe kupitia mlangoni! Niliona haya hadi masikioni.

Alhamisi, 12 Juni
Nimebadilisha bodi. Safari hii niliuliza. Prosesa ikaingia yenyewe, taratibu. Ile dawa ya kupaka juu yake ili isichemke sikuwa nayo. Nikapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Si tunajipaka midomo, visigino, kila mahali? Ikawaka! Namalwa akanikumbatia. Baadaye kidogo ikazima, chumba kikinuka zizi. Namalwa akakaa kitandani akalia. Akasema haililii kompyuta. Analia kwa sababu alinisihi nimwachie Mbaluka, na sikumsikia. Iliniuma. Inaniuma bado.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi na mapema nilibisha kwa Mbaluka. Nikamwambia nimeshindwa. Neno hilo lilitoka kwa shida. Akaja, akafungua, akashangaa. "Boss, hii ni nini umepaka? Ulitaka kuikamua?" Akafuta, akapaka dawa yake, ikawaka na ikabaki inawaka. Kijitabu kimefika Hurlingham mchana. Marehemu anatabasamu ukurasa wa kwanza. Namalwa anaimba jikoni. Sigusi kompyuta tena maishani!

Jumapili, 15 Juni
Namalwa anasema kompyuta ya mama kule Bungoma nayo imekufa. Wanafikiria kumpeleka Mbaluka huko. Mbaluka! Nikamwomba amwambie mama kwamba nyumbani kuna fundi mwenye uzoefu. Akakataa katakata kupeleka ujumbe kama huo. Basi nimeutuma mwenyewe kwa simu. Mama mkwe, ambaye hajanisemesha hata neno moja tangu tuoane, amejibu papo hapo: "HAPANA."

Amenisemesha! Ameanza kunizoea. Kesho nakata tiketi ya Bungoma.