Jiji la Pwani la Nguvu Moja

Wananchi wa Kijiji cha Ujamaa cha Nguvu Moja, njia ya kutoka Sumbawanga kwenda Mollo, walipuliziwa filimbi na mgambo, wakakusanyika, wakatangaziwa kwamba kuanzia siku ile kijiji chao si kijiji tena. Ni jiji la pwani.

Kwamba bahari haipo, kamati ilikuwa imekwisha kulijadili hilo na kuliona kuwa ni kasoro ndogo ya utekelezaji.

Mtangazaji alikuwa Ndugu Ambilikile, Katibu Kata, mtu wa Mbeya, aliyerudi majuzi kutoka ziara ya mafunzo ya makazi bora huko Rio de Janeiro, Brazili. Alirudi na miwani myeusi ya jua. Aliivaa hata ofisini, ndiyo maana asubuhi moja alilisalimia kabati.

"Ndugu wananchi, nimejionea. Wenzetu wana milima, na sisi tuna milima. Juu kabisa wamesimamisha sanamu ya Bwana Yesu, mikono kainyoosha hivi. Chini kuna mchanga, watu wamejilaza juani."

"Saa za kazi?" akauliza Zita, mpika pombe ya ulezi.

"Saa za kazi."

"Na mgambo wanawatazama tu?"

"Mama, usituvurugie mkutano."

Nyuma kabisa alikaa Fransisko. Yeye alikuwa na lake moja tu. Kabla ya operesheni ya kuhamishia watu vijijini alikaa kule mlimani, na kule ndiko alikomzika mkewe, Silvana. Siku Silvana alipozidiwa, Fransisko alikimbilia ofisini kuomba Landrova ya kata. Akaambiwa, subiri, Katibu yuko mkutanoni. Landrova nayo ilikuwa imebeba viti vya mkutano huohuo, uliohusu afya ya mama. Silvana akafia njiani, juu ya machela. Baadaye malori yakaja, nyumba ikatiwa moto ili mwenyewe asiikumbuke, Fransisko akamwagwa barabarani pamoja na sufuria zake. Akaomba kibali cha kwenda kufyeka kaburi. Katibu akamjibu, tena kwa upole, kwamba marehemu hakujiandikisha kijijini, kwa hiyo kiutaratibu hayupo, na asiyekuwepo hatembelewi.

"Mpangilio wa jiji lile ni wa kisayansi," Katibu akaendelea. "Wakubwa wanakaa chini, ufukweni. Wananchi wa kawaida wanakaa mlimani, nyumba zimepandana, wanawatazama wakubwa na kufurahi. Kamati imeazimia tufanye hivyohivyo."

Moyo wa Fransisko ukaruka. Akanyoosha mkono.

"Mlima upi, Ndugu Katibu?"

"Huohuo mliotolewa."

"Tuliotolewa kwa kuwa kukaa mlimani ni ujinga?"

"Wakati ule ulikuwa ujinga. Sasa ni mpangilio."

Ufukwe ukapangwa kule bondeni, kando ya kijito, penye mchanga. Mwenyekiti Evaristi, mzaliwa wa hapohapo, alilijua bonde lile na tabia zake za masika tangu anachunga mbuzi. Lakini azimio lilikwisha kupita kwa kauli moja, na kauli yenyewe ilikuwa yake.

"Tuwaambie?" Zita akamnong'oneza Fransisko.

"Maoni ya wananchi yalikuwemo kwenye ajenda?" akauliza Fransisko.

"Hayakuwemo."

"Basi."

Wakubwa wakajenga nyumba za bati, baraza zikielekea mchangani. Kila alasiri Katibu alijilaza pale chini ya mwavuli, kikazi. Wananchi wakapanda mlima wao, na safari hii hapakuhitajika lori wala kiberiti. Fransisko akajenga kando ya kaburi. Alipomaliza kufyeka aliketi, akasema, "Silvana, nimeletwa kwako kwa amri ya kamati."

Kisha masika yakaingia.

Asubuhi moja mlima ukaona msafara. Mbele Mwenyekiti na godoro kichwani, nyuma Katibu, kalowa chapachapa, miwani usoni. Wakazunguka mlango hadi mlango. Kila walikobisha waliulizwa kama wamekuja na barua. Wakaishia kwa Fransisko.

"Shikamoo, mzee," akasema Katibu. Hakuwahi kumwamkia hata siku moja.

"Marahaba. Kibali kiko wapi?"

"Kibali gani tena?"

"Cha kukaa mlimani. Wewe umepangiwa ufukweni."

"Mzee wangu, nyumba imezama! Kule ni maji matupu!"

"Ehe. Bahari imefika, Ndugu Katibu. Ile kasoro imerekebishwa."

Zita, huko mlangoni kwake, akajishika mbavu. Katibu akaangaza huku na huku. Mahali palipobaki wazi ni pale tu, penye msalaba wa mti.

"Basi hapo pembeni, mzee. Nijishikize tu, hata kibanda cha majani."

"Hapo si pangu. Mwenye eneo ni yule pale. Mpigie hodi."

Katibu akavua miwani. Akatazama kaburi, akageuka akatazama maji. Mvua ikazidi.

"Hodi," akasema.

Akasogea karibu na msalaba.

"Hodi, mama."

"Subiri," akasema Fransisko, akiingia ndani na kuvuta mlango. "Yuko mkutanoni."