Sketi ya Shanga ya Mama Benedikta

Jumamosi, 3 Julai 1982. Balangdalalu.
Tangazo la kata! Sabasaba, kwenye uwanja wa shamba la ngano, yatakuwapo maonyesho ya sketi za ngozi zilizodariziwa shanga. Mshindi atatuwakilisha Arusha. Nani wa kunishinda mimi, Yoakimu, fundi cherehani pekee hapa? Mama Benedikta, wanasema wote. Bibi asiye na hata cherehani!

Jumapili, 4 Julai.
Baada ya misa nikaenda kwake kupeleleza. Nikampa shikamoo, nikadanganya kwamba mpwa wangu anataka sketi. (Sina mpwa.) Akaileta yake. Jua jekundu katikati, duara za njano zikilizunguka, na chini njia za ng'ombe zikipindapinda kama zinavyoshuka mlima Hanang. Hakuna alama hata moja ya chaki! Nikauliza anapima na nini. Akasema, "Macho tu, mwanangu. Hebu jaribu." Akanipa sindano na kipande cha ngozi. Saa mbili nzima, mstari mmoja! Vidole vimetobokatoboka. Alipokwenda kuleta maziwa, nikachora jua lake kiganjani.

Jumatatu, 5 Julai.
Sindano tatu za cherehani zimevunjikia kwenye ngozi. Zimekwisha. Ndipo akili ikafunguka: gundi! Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikabandika shanga zote. Kile kipande nilichoshonea mstari kwake nikakishonea kwa mkono kwenye pindo. Jasho lilifuta nusu ya jua kiganjani, nikabuni nusu nyingine. Inapendeza!

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.
Kuku! Nani aliwaruhusu kuku uwanjani? Walinusa uji wangu, wakadonoa jua lote mbele ya mwenyekiti. Watu walicheka hadi machozi. Mama Benedikta hakucheka. Alipiga magoti, akaniokotea shanga moja moja, kisha akashika pindo. Akauliza mstari ule nani kashona. Nikasema mimi. "Umenyooka," akasema. "Njoo nyumbani, nitakufundisha."
Yeye ndiye mshindi. Sketi yake ilipoinuliwa juani, watu walisogea karibu waione. Nilipiga makofi kuliko wote. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 8 Julai.
Sikulala vizuri. Kazi ile ni ya ajabu, nakiri. Miaka arobaini ameshona kwa mkono! Anasema nikianza leo, baada ya miaka mitano nitaweza kushona jua.
Miaka mitano! Nimempelekea salamu kwamba nina kazi nyingi. Mwakani kwenye uji nitatia pilipili.